Fundi Kibwana na Taa za Bahari Yetu ya Korogwe

Jumamosi ya tarehe 30 Juni 1984, Ndugu Kibwana Mwinjuma, fundi umeme wa Chuo chetu cha Ualimu Kwamsasu, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na miwili. Alianza kazi hapa Machi 1962, Uhuru wetu ukiwa bado mchanga, na tangu hapo hakuna balbu iliyowaka chuoni bila mkono wake kuijua. Kamati ya jarida imeniomba mimi, Fabiani Mikaeli, seremala wa chuo, niandike habari zake. Nimeshika randa muda mrefu kuliko kalamu, kwa hiyo msomaji akikuta mahali hapajalainika vizuri, anisamehe.

Ndugu Kibwana alizaliwa upande wa Sindeni, Handeni, katika nyumba ya wakulima wa mahindi na mihogo. Mwaka mmoja mvua ilikataa kabisa, naye, akiwa kijana, akashuka Ngombezi kutafuta kazi ya kukata mkonge. Aliukata kwa msimu mmoja, miiba ikamwambia yaliyo yake, kisha akajipenyeza kiwandani, kwenye korona, ile mashine kubwa inayosaga majani ya mkonge na kutoa nyuzi. Kazi yake ilikuwa kufagia makapi chini ya mota. Mota ilipoharibika wenzake walitoka nje kuvuta sigara. Yeye alibaki akimtazama fundi anavyoifungua. Fundi alipochoka kutazamwa, alimpa bisibisi. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa elimu yake.

Mimi nimezaliwa kwenye kambi za Ngombezi hizo hizo. Baba yangu alikuja kwa kazi ya mkataba kutoka Songea, na hakurudi tena. Ndipo tulipojuana, mimi na Kibwana. Nakumbuka Desemba 1961, siku za kusherehekea Uhuru, alivyozungusha balbu kwenye uwanja wa mpira wa kambi, akazipaka rangi za bendera mpya kwa brashi yangu. Kijani akapaka, dhahabu akapaka. Tulipomuuliza nyeusi iko wapi, alijibu kwamba balbu nyeusi watu watadhani imeungua, watamwita aje kuibadilisha, naye anataka kucheza ngoma kama wengine.

Chuoni alikuja na mkoba mmoja wa ngozi na tabia moja ambayo hakuiacha hadi leo: kila aendako huandika ubaoni, nje ya karakana, alikokwenda. Tabia hiyo iliwahi kutupatia kicheko cha mwaka mzima. Asubuhi moja aliandika, "Nimekwenda kumfungia Afisa taa." Mkuu wa Chuo alipopita na kuusoma ubao, akadhani wageni wa wilaya wamefika bila taarifa. Akavaa koti, akafunga tai, akatoka mbio mbio hadi langoni. Huko alimkuta mlinzi wetu, ambaye jina alilopewa na wazazi wake ni Afisa, amemshikia Ndugu Kibwana ngazi. Afisa alipoona tai, alipiga saluti. Mkuu aliirudisha.

Lakini nikiandika vicheko peke yake nitakuwa nimemnyima haki yake. Lipo jambo moja ambalo wote tuliokuwapo mwaka 1972 tunalihesabu kuwa kazi kubwa kuliko zote alizofanya, nalo nitalisimulia kwa utaratibu, kwa sababu wenzetu wengi mmekuja baadaye.

Mwaka huo tulikuwa na mwalimu wa biolojia aitwaye Josefina Habakuki, mzaliwa wa milima ya Lutindi. Mwalimu Josefina aligundua kwamba wanachuo wake, ambao baada ya miezi michache wangekwenda kuwafundisha watoto habari za bahari, wengi wao hawajapata kuiona. Tanga si mbali, treni inafika, lakini mtoto wa mkulima wa Mpale au Handeni hapandi treni kwenda kutazama maji. Mwalimu akasema kama wanachuo hawafiki baharini, basi kipande cha bahari kije chuoni.

Tangi la vioo lilipatikana katika nyumba iliyoachwa na meneja mmoja wa mkonge, aliyerudi kwao baada ya mashamba kutaifishwa. Lilikuwa refu kama meza ya kulia chakula, na kuku walikuwa wameanza kutagia ndani yake. Tuliliosha, nikalibadilishia fremu kwa mbao za mvule, nikaziba pembe kwa lami. Maji ya bahari yalikuja kwa treni katika madumu ya plastiki. Kisha Mwalimu Josefina akaleta wakazi wenyewe: mawe hai yenye majani na konokono, matumbawe ya rangi ya kahawia na kijani, na samaki wadogo wenye mistari myeupe juu ya rangi ya chungwa. Mpishi wetu aliwatazama kwa muda mrefu, akauliza kama wanakaangika.

Hapo ndipo ilipokuja kazi ya Ndugu Kibwana. Matumbawe, ingawa ukiyashika unadhani ni mawe, ni viumbe hai, na yanataka mwanga kama mche unavyoutaka. Dirisha la maabara yetu linatazama ukuta wa bweni, jua haliingii. Kwa hiyo tulitakiwa kuliundia tangi kifuniko chenye taa ndani. Mimi niliunda sanduku la mninga lisilo na sakafu, lenye bawaba upande wa nyuma, likakaa juu ya tangi kama paa juu ya nyumba. Na jina hilo likabaki, paa. Ndani yake Ndugu Kibwana alifunga mirija minne ya taa, pamoja na choki zake na stata zake, vile vifaa vya kuiwashia, na juu ya mirija akaweka bati jeupe la kuurudisha mwanga majini. Kila kiungo tulikikaza. Tulijisifu kwamba hata unyoya usingepenya.

Siku ya kuwasha, maabara ilijaa. Mwanga uliposhuka majini, yale matumbawe yaliyokuwa kama kokoto yakaanza kufunguka taratibu, yakatoa vidole vidogo vidogo, na samaki wakapita katikati yake. Mwanachuo mmoja alivua kofia kana kwamba ameingia mahali pa kusali.

Furaha haikudumu. Baada ya wiki chache matumbawe yalianza kupauka. Samaki walipanda juu, wakawa wanahema midomo ikigusa hewa. Mwalimu Josefina alitumbukiza kipimajoto, akatikisa kichwa.

"Fundi," alisema, "maji haya yana homa."

"Nimeona, mwalimu. Nitayatafutia dawa."

Alitoboa matundu machache juu ya paa kwa keekee yangu. Joto lilipungua kidogo, si sana. Tena lilikuwapo jambo jingine ambalo hakulipenda: kila alipofungua paa alikuta mvuke umeganda kama jasho chini ya bati, na kwenye ncha za mirija, pale umeme unapoingilia, pamefanya ungaunga mweupe wa chumvi. Aliufuta kwa kitambaa, kesho yake ukarudi. Alimwambia Mwalimu Josefina kwamba wanachuo wakienda likizo atalifungua paa lote na kulipanga upya. Likizo ilikuwa karibu.

Kabla haijafika, zamu ya kulisha samaki ilimwangukia mwanachuo aitwaye Chausiku Mdoe, binti wa Handeni, mwembamba, mwepesi wa kucheka. Alikuwa amesaga dagaa kwa maji, mikono imelowa. Akainua paa kwa mkono mmoja, na vidole vyake vikagusa bati. Chumvi ilikuwa imeujengea umeme daraja hadi kwenye lile bati. Chausiku alikakamaa, hakuweza hata kupiga kelele. Mwalimu Josefina, aliyekuwa anasahihisha madaftari mezani, aliona tu mgongo wa binti unatetemeka. Akaruka, akachomoa plagi. Chausiku akaanguka sakafuni kama nguo iliyotoka kambani.

Mimi na Ndugu Kibwana tulikuwa karakana. Tulisikia mayowe, tukakimbia. Tulimkuta Mwalimu Josefina amepiga magoti akimpulizia binti pumzi na kumkandamiza kifua, huku wanachuo wakilia ukutani. Ndugu Kibwana alisimama mlangoni akalitazama paa lililokuwa wazi, kisha akamtazama yule binti. Hakuuliza kilichotokea. Alikuwa amekwisha kujua.

Chausiku alivuta pumzi. Alikohoa, akafungua macho, akamwita mama yake. Tulimpakia kwenye Landrova ya chuo hadi hospitali. Ndugu Kibwana alikaa kwenye benchi la nje, mikono katikati ya magoti, hadi daktari alipotoka na kusema kwamba atapona, na kwamba kiganja kilichoungua kitafanya kazi. Hapo aliinuka akaenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Chuo, akaweka funguo za karakana juu ya meza.

"Chukua funguo zako, Ndugu Kibwana," Mkuu alimwambia. "Ajali ni ajali."

"Siwezi, Mkuu. Nimetega mtego darasani, nikauita taa."

Akaenda nyumbani. Siku zilizofuata hakutoka. Mkewe, Bi Zamda, alinitumia mtu niende kwa sababu hali chakula, na hata mgeni akija hafungui mdomo. Nilikwenda, nikakaa naye barazani. Nilijaribu kumweleza kwamba paa lile tulilitengeneza wote, na kwamba chumvi haina adabu kwa mtu yeyote. Alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani.

Tukiwa pale alitokea mzee mmoja, kanzu ina vumbi la safari, bakora mkononi. Tulisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kati yenu ni fundi umeme wa chuo?"

"Ni mimi, mzee," Ndugu Kibwana alijibu.

"Mimi ni Mdoe. Babake Chausiku."

Bi Zamda alitandika mkeka na kuleta chai. Mzee alikaa, lakini kikombe hakukigusa. Wakaanza kusemezana Kizigua, lugha ambayo mimi nimekua nayo masikioni, nikaielewa yote. Ndugu Kibwana hakujitetea. Alimweleza habari ya mvuke na ya ule unga mweupe, kwamba aliuona akaufuta, kwamba alisubiri likizo, na kwamba hakupaswa kusubiri. Akasema amekwisha kuacha kazi, na kama mzee ana neno lolote la kumwambia, yeye anastahili kulisikia.

Mzee Mdoe alichora mkekani kwa ncha ya kidole.

"Nimetoka kumwona mwanangu," alisema hatimaye. "Anakula. Anacheka na wauguzi. Mungu amenirudishia. Sasa nakuuliza wewe. Wale watoto wengine waliobaki kule chuoni, wako salama?"

Ndugu Kibwana alitazama upande wa chuo.

"Vyumba vyao vina umeme?"

"Vina, mzee."

"Aliyeufunga ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi ukiondoka wewe, atakuja mwingine, asiyejua ulipokosea. Atakosea hapo hapo." Mzee akanyanyua kikombe sasa, akanywa chai iliyokwisha kupoa. "Mimi sikuja kukusamehe. Binti mwenyewe amesema hana kinyongo, hilo ni lenu. Nimekuja kukwambia urudi kazini. Sina mtoto mmoja tu wa kusoma."

Kesho yake asubuhi nilipopita karakana, ubaoni palikuwa pameandikwa, "Nipo."

Jambo la kwanza alilofanya halikuhusu tangi. Alizunguka chuo kizima, bweni kwa bweni, jiko, ofisi, ukumbi, akafungua kila soketi na kila swichi, akahakikisha kila penye chuma pana waya wa ardhi, ule unaoupeleka umeme uliopotea chini badala ya mwilini mwa mtu. Palipokosekana aliuweka. Pasi za wanachuo alizikusanya zote. Walionung'unika walizunguka na mikunjo kwa muda, wakanyamaza walipoona nyaya zilizochunika alizotoa humo.

Tangi lilikuwa gizani, na Mwalimu Josefina aliogopa kwamba matumbawe yaliyosalia hayatadumu. Alipokuwa anakwenda Tanga kuchukua maji mapya, alimwambia Ndugu Kibwana waende pamoja. Nami nikafuata kubeba madumu. Maji yalikuwa yamekupwa. Tulikunja suruali, tukatembea kwenye mwamba. Ndugu Kibwana hakuwa amepata kuona matumbawe yakiwa kwao. Jua lilikuwa kali mno, limesimama utosini, naye alitikisa kichwa.

"Mwalimu, taa hii ni kali kuliko zangu mara nyingi. Mbona hawa hawapauki?"

Mwalimu Josefina alimwambia atie mkono kwenye dimbwi lililokingwa upepo na jiwe kubwa, kisha kwenye jingine lililo wazi. La kwanza lilikuwa na joto kama maji ya kuoga. La pili lilikuwa baridi, na juu yake upepo ulikuwa unapita na kuikunja ngozi ya maji. Mwalimu akamweleza kwamba maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto lake, na upepo ndio unaouchukua mvuke ule. Usipochukuliwa, joto linabaki pale pale.

Ndugu Kibwana alisimama na suruali yake imekunjwa hadi magotini, akitia mkono huku, akiutoa, akiutia kule.

"Basi sisi," alisema, "tuliufungia upepo nje."

Tukaanza upya, watatu, na kazi haikuwa ya haraka. Kwanza choki zote zilihama. Choki ndizo zinazochemka kuliko hata mirija yenyewe, kwa hiyo alizifunga ukutani, mbali na maji, ndani ya sanduku lake. Kioo chembamba kikalala kati ya maji na taa, ili matone yasiruke juu. Pembe zake tulizikata, maji yapate kupumua. Mimi nilitoboa mfululizo wa matundu chini, nyuma ya paa, hewa baridi iingilie humo. Na juu, upande wa mbele, nikaacha mwanya mrefu wa kutokea hewa moto, kwa sababu hewa ikipata joto hupanda yenyewe, haihitaji kusukumwa sana. Kote tuliwamba chandarua, mijusi isiingie na samaki wasiruke nje. Bati tulilitupa, badala yake nilipaka mbao rangi nyeupe ndani. Ncha za mirija alizivika mpira wa tyubu ya baiskeli, zikakaa kavu.

Bado joto la mchana wa Korogwe lilikuwa linatushinda. Palihitajika feni ya kuvuta hewa kwenye ule mwanya, na feni madukani hazikuwapo. Mkuu wa Chuo alisikia, akaja na feni ya mezani kwake, ameikumbatia kama mtoto. Ndugu Kibwana aliifunga nje ya paa, pembeni, ivute hewa ya ndani na kuitoa, isipige chumvi kwenye taa. Kiangazi chote Mkuu alijipepea kwa jarida hili hili mnalosoma, na aliwahi kusema kwamba ndiyo faida pekee aliyoiona katika makala zetu.

La mwisho ndilo lililomchukua muda zaidi. Aliweka swichi ndogo kwenye bawaba, kama ile ya mlango wa friji, lakini aliigeuza kazi: paa likiinuliwa hata kidogo, umeme wote wa tangi unakatika wenyewe, na haurudi hadi lishushwe. Alilijaribu akiwa na taa yake ya kupimia, akarudia na kurudia, hadi tukaanza kuchoka kumtazama. Alilijaribu likiwa kavu, akalijaribu limenyunyiziwa maji ya chumvi. Kipimajoto cha Mwalimu Josefina kilisimama pale alipotaka, mchana na jioni. Matumbawe yaliyopona yakaanza kupata rangi tena, kwanza ukingoni, kama nyasi baada ya mvua.

Ila hakumruhusu mtu yeyote kulifungua. Alilisha samaki mwenyewe. Kila zamu ilipofika alikuwapo mlangoni kabla ya mwanachuo, akampokea bakuli.

Chausiku alirudi chuoni kiganja kikiwa bado na kitambaa. Siku ya zamu yake alikuja maabara na bakuli la dagaa. Ndugu Kibwana alinyoosha mkono. Binti hakumpa.

"Si lazima, mwanangu," Ndugu Kibwana alisema. "Nitawalisha mimi."

"Hadi lini, baba?"

Mkono wa Ndugu Kibwana ulibaki umenyooshwa.

"Kama mimi siwezi kulifungua, basi hata wewe hujaliamini. Na kama hujaliamini, lizime kabisa tuwapeleke samaki kwao."

Mwalimu Josefina alinitazama, nami nikaitazama sakafu. Ndugu Kibwana alisogea pembeni. Chausiku akaweka mkono wake mzima kwenye ukingo wa paa, akainua. Taa zikazimika zenyewe. Feni ikazunguka kidogo, ikasimama. Maabara ikawa kimya, tukasikia mapovu ya pampu ndogo ya hewa, ambayo tulikuwa tumeitengea betri yake. Binti akanyunyiza chakula, akawatazama samaki wanavyokigombania, akashusha paa. Mwanga ukarudi juu ya maji, juu ya matumbawe, juu ya uso wake.

"Wameshiba," alisema.

Ndugu Kibwana aligeukia ukuta, akatoa kile kitambaa chake cha kufutia nyaya, akajifuta uso. Uso ulibaki na mafuta meusi kutoka jicho hadi kidevu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia.

Tangu siku ile hadi leo hakuna mtu aliyedhurika na umeme katika chuo hiki. Naliandika hili peke yake ili lisomeke vizuri.

Mwaka 1974, wakati wa kuhamia vijijini, Ndugu Kibwana aliomba ruhusa akaenda Handeni kumjengea mama yake nyumba katika kijiji kipya. Aliwajengea na majirani wawili wazee waliokuwa hawana kijana wa kuwasaidia. Kila jiko aliliachia upenyo juu ya ukuta, moshi na joto vipate njia. Mama yake alilalamika kwamba amejengewa nyumba ya njiwa. Baada ya masika ya kwanza alianza kuwaonyesha wageni, akiwaambia kwamba mwanawe alijifunza mambo hayo kwa samaki.

Wanachuo waliopita mbele ya tangi lile ni wengi. Walipotawanyika kwenda kufundisha, hasa ule mwaka watoto wote wa taifa walipoitwa darasani kwa pamoja, walikwenda wakiwa wameiona bahari kwa macho yao. Ndugu Kibwana naye alipewa kipindi chake mwanzo wa kila mwaka, cha kuwafundisha wanachuo wapya kuishi na umeme. Alikifundisha bila kusoma popote, na kila mara alianza kwa kueleza kosa lake mwenyewe, jina la binti akilihifadhi.

Mambo yalipokuwa magumu baada ya vita vya Kagera, mirija ya taa ikakosekana hata Tanga. Ndugu Kibwana alipunguza mirija mmoja mmoja, hadi ukabaki mmoja, nao ukaanza kupepesa. Mwaka 1982 yeye na Mwalimu Josefina walikubaliana kwamba si haki kuwaweka viumbe wale gizani wasubiri kufa. Tuliwapeleka Tanga kwa treni, katika ndoo zilizofunikwa kanga mbichi. Aliingia majini mwenyewe akayalaza matumbawe kwenye mwamba, moja moja, akichagua mahali penye upepo. Mwalimu Josefina, ambaye sasa yuko wizarani, ameandika kuniomba nimtajie hapa shukrani zake, na amesema neno moja tu litoshe: asante.

Wengine nao wameniletea salamu zao. Wapishi wanamshukuru kwa jiko lisilopiga shoti. Afisa mlinzi anamshukuru kwa taa ya langoni. Nami namshukuru kwa mambo ambayo hayana nafasi katika jarida: kwa Krismasi zote alizokuja kula kwangu na Idi zote alizonipikia kwake, kwa bada, ule ugali wa muhogo, na mlenda wa Bi Zamda, na kwa kunifundisha kwamba fundi akikosea, njia ya kurudi ni kupitia kazi ile ile.

Bi Zamda ametangulia Sindeni kuandaa shamba. Ndugu Kibwana anasema atalima mahindi, mihogo kidogo kwa ajili ya mwaka mbaya, na kwamba kijijini hakuna umeme, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu ujana wake atalala bila kusikiliza kama kuna mtu anamwita. Bweni la wasichana limejibu kwamba wao wamelala hivyo muda wote, kwa sababu yake.

Ndugu Kibwana, chuo kizima kinasimama kukushukuru. Umetuwashia, umetulinda, na umetuachia nyumba ambayo mtoto wa mtu anaweza kuingia na mikono iliyolowa akatoka mzima. Nenda salama kwa Bi Zamda. Mvua za Handeni ziwakute shamba liko tayari, ghala lisiwe na mwangwi, na afya iwe jirani yenu wa karibu kuliko wote. Heri ya siku zako zote zilizobaki, ndugu yetu. Ziwe nyingi, ziwe nyepesi.